Siku moja Hifadhi ya Arusha na familia: pangeni matembezi kwanza, mzunguko wa gari baadaye

SWALI: Kaka, habari za kazi. Tunaishi Moshi, Pasua. Krismasi hii mdogo wangu anatoka Dar, na tunataka siku moja tuwatoe watoto waende hifadhini badala ya kushinda nyumbani. Tumefikiria tarehe 27 Desemba. Tuko saba: mimi, mume wangu, mdogo wangu, mama mkwe mwenye miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, na watoto watatu wa miaka 15, 12 na 5. Usafiri ni Noah yetu. Jirani anasema Hifadhi ya Arusha haina kitu, hata simba hamna, bora tujibane twende Tarangire au Ngorongoro. Hatujawahi kuingia hifadhi yoyote. Tuanzie wapi?

JIBU: Dada, habari za Pasua, na umfikishie mama shikamoo yangu.

Nendeni Hifadhi ya Arusha, na tarehe 27 inafaa. Jirani yako amesema kweli kuhusu simba: hawapo. Lakini hapo alipoona kasoro, mimi naona ndiyo sababu yenyewe ya kwenda. Kwa familia inayoingia hifadhini mara ya kwanza, tena kwa siku moja, sioni mahali pengine karibu na Moshi ambapo mtashuka kwenye gari, mkaongozana na askari wa uhifadhi mwenye bunduki, mkakanyaga nyasi zilezile anazokanyaga nyati na mkapita karibu na twiga bila kioo kati yenu. Mtoto aliyemwona twiga akiwa amesimama chini kwa miguu yake hamsahau. Ukimwona kupitia dirishani, huku wadogo zako wanagombania nafasi ya kuchungulia, ni jambo jingine kabisa.

Tarangire ni nzuri sana na iko siku mtaifika. Ila kutoka Moshi hadi lango lake ni kama kilomita 200 kwenda tu, na magoti ya mama yatakuwa yamekunjwa ndani ya Noah tangu alfajiri. Ngorongoro ni mbali zaidi, iko chini ya mamlaka yake yenyewe na si TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kushuka kreta, lile shimo kubwa la volkano, kunataka gari la kuvuta magurudumu yote manne pamoja na ada ya peke yake kwa gari. Kwa siku moja, na kwa watu mlionitajia, mtatumia pesa nyingi kununua uchovu. Hifadhi ya Arusha kutoka Moshi ni kama kilomita 60.

Sasa jambo ninalotaka mlishike kabla ya mengine yote: pangeni siku yenu kuanzia kwenye matembezi ya miguu. Saa ya kuondoka nyumbani, chakula, nani anabaki na mama, njia ipi ianze, vyote vipangwe kufuata hayo matembezi. Familia nyingi naziona zikifanya kinyume. Wanaingia saa nne, wanazunguka na gari kutwa, wanakula, halafu saa nane mchana jua likiwa kali na watoto wamelewa usingizi ndipo wanauliza kama wanaweza kutembea. Wakati huo wanyama wamejificha kivulini, Mlima Meru umefunikwa na wingu, na mdogo kuliko wote analia. Wanarudi nyumbani wakisema hifadhi haina kitu. Sitashangaa kama jirani yako alipata siku ya namna hiyo.

Ondokeni Moshi saa 11 alfajiri. Najua ni likizo, najua mgeni ametoka Dar na usiku mtapiga soga, lakini hiyo saa ndiyo siku yenyewe. Desemba barabara ya Moshi na Arusha inajaa. Nusu ya Dar inakuwa imehamia Kilimanjaro, na asubuhi ya saa mbili utakuta foleni Boma Ng'ombe na trafiki kila kona. Alfajiri barabara ni nyeupe. Mwambie mume wako aheshimu vibao vya 50 hata kama hakuna mtu barabarani. Mkishapita njia ya KIA, Kikatiti na Maji ya Chai, kabla hamjaimaliza Usa River, mtaona bango la hifadhi. Kata kulia, upande wa mlima. Kutoka hapo mnapanda taratibu kupitia mashamba ya migomba na kahawa hadi lango la Ngongongare. Mkifika saa moja asubuhi mtakuwa mmefanya vizuri.

Langoni, mambo ya malipo yasiwakute hamjajiandaa. Hifadhi hazipokei pesa taslimu. Mtapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, kama ile mnayopewa mkilipia huduma nyingine za serikali, na mtalipa kwa simu au kwa kadi. Kwa hiyo wekeni pesa kwenye simu mbili za mitandao tofauti tangu jana yake, maana mtandao wa asubuhi chini ya mlima hauaminiki. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa, na kwa watoto chukueni nakala za vyeti vya kuzaliwa. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na anayolipa mgeni wa nje, lakini lazima uthibitishe kuwa ni raia. Mtoto ambaye hajafika miaka 5 haingii kwenye hesabu, kuanzia 5 hadi 15 ni bei ya mtoto, na 16 ni mtu mzima. Wako wote watatu ni watoto kwa hesabu hiyo, hata huyo wa 15 kama amekushinda urefu. Gari lina ada yake kulingana na uzito, na matembezi pamoja na askari yana ada yake tofauti. Ulizeni jumla yote mkiwa hapo dirishani, mlipe kila kitu kwa mkupuo, matembezi yakiwemo. Na mkiwa hapohapo ombeni watume ujumbe lango la Momella kwamba familia inakuja kutembea, ili askari awe tayari.

Kuna vyoo langoni. Kila mtu aende, akitaka asitake.

Mkiingia tu, mnakutana na uwanda wa nyasi unaoitwa Serengeti Ndogo. Ni mdogo kweli, lakini asubuhi hapo huwa pana pundamilia, ngiri, nyati na twiga kwa pamoja, na kwa mtu wa mara ya kwanza huo ni mshituko mzuri: hamjakaa sawa mmeshawaona wanne. Zimeni injini. Msiseme kitu kwa dakika chache. Mtoto wa miaka 5 atashindwa, na si neno.

Hapo njia inagawanyika. Kulia inaelekea msitu wa Ngurdoto. Kushoto inaelekea Momella, ambako ndiko matembezi yanaanzia. Shika kushoto. Magari mengi huanza na Ngurdoto kwa kuwa iko karibu, na hilo ndilo linalowaharibia asubuhi. Njia hiyo ya Momella ndiyo pia njia ya wananchi wa Ngare Nanyuki, kijiji kilicho ng'ambo ya hifadhi, kwa hiyo msishangae kukutana na gari la abiria lenye magunia ya vitunguu juu likikatisha kati ya twiga. Huyo wako wa miaka 15, kama yuko sekondari, mkumbushe historia yake hapo. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu kwenye ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili wapewe walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kuwasemea. Hajafika hata umri wa kupiga kura, lakini yuko kwenye njia ya kwenda kwenye ardhi iliyopeleka kesi ya Watanganyika New York. Vitabuni jambo hilo lina mistari michache tu; pale lina mto, lina mashamba na lina watu.

Momella iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Wanaotembea wawe watano: wewe, mume wako, mdogo wako, na watoto wawili wakubwa. Au mmoja wenu watu wazima abaki na mama na mdogo wa miaka 5, halafu mbadilishane siku nyingine mkirudi. Sikushauri kumpeleka wa miaka 5 kwenye matembezi haya hata kama askari atakuwa mpole. Mtoto wa umri huo hawezi kuahidi kukaa kimya wala kutokimbia, na kutokimbia ndiyo kanuni kubwa kuliko zote.

Nieleze kwa nini. Mnyama wa kuogopwa pale ni nyati, hasa dume zee lililojitenga na kundi. Wanaokaa kwenye kundi kwa kawaida wataangalia, watanusa, watasogea. Dume la peke yake limelala nyuma ya kichaka, halijakuona, na ukilishitua karibu linaona bora likuwahi. Ndiyo maana askari hatangulii kwa maonyesho. Anatangulia kwa sababu anasoma upepo, kinyesi kibichi na sauti za ndege. Mnatembea mstari mmoja nyuma yake, mnaongea kwa kunong'ona, nguo ziwe za rangi zilizopoa kama kaki, kijani au kahawia, na simu zote zinyamazishwe. Akiinua mkono mnasimama. Nyati akitokea mnajikusanya nyuma ya askari na kufanya analosema. Akisema rudini, mnarudi hatua kwa hatua bila kugeuza mgongo. Waambieni watoto haya jioni ya tarehe 26 mkiwa mezani, na tena asubuhi. Wengi wa askari hawa wanapenda kazi yao mno. Mkiwauliza maswali mtajifunza kuliko kitabu chochote, basi msiwafanye walinzi tu.

Njia ya kawaida inavuka mto Ngare Nanyuki, inakatiza uwanda ulio wazi wenye nyati, ngiri na twiga, kisha inaingia msituni hadi maporomoko ya Tululusia. Kwa mwendo wa kifamilia, kwenda na kurudi, tengeni saa mbili. Mkiwa na nguvu na askari ameridhika na mwendo wenu, ulizeni kuhusu mtini mkubwa ulioko juu zaidi msituni, wenye tao ambalo tembo anaweza kupita chini yake. Mtini wa aina hii huanza maisha juu ya miti mingine. Ndege huacha mbegu kwenye tawi, mizizi inashuka kidogo kidogo hadi ardhini, inaufunika mti mwenyeji mpaka unakufa na kuoza, na iliyobaki ni mizizi yenyewe imesimama kama lango. Wengi hufika kwa gari, na inawezekana kwa gari la juu, ila Noah isijaribu njia hiyo. Kama muda hautoshi, maporomoko yanatosha.

Mkiwa pale uwandani, kabla ya saa nne, geukeni mtazame Meru. Asubuhi ndipo mlima unapoonekana. Wingu huja baadaye na mara nyingi halitoki tena. Watu wa Moshi tumezoea mlima wa duara, Kibo, kwa hiyo Meru kutoka Momella inashangaza: upande wa mashariki wote haupo. Mmebaki na ukuta wa mwamba wenye umbo la kwato, unaoinuka zaidi ya mita 1,000, na katikati yake kuna kilima cha majivu. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu huo uliporomoka, mawe na matope yakatiririka kuelekea huku mlikosimama na mbali zaidi. Vilima vidogo vidogo mnavyoviona kila upande ni mabonge ya huo mporomoko, na mabonde yaliyobaki katikati ndiyo yaliyoshika maji yakawa maziwa ya Momella. Volkano yenyewe haijafa; mara ya mwisho ilifoka mwaka 1910. Ukimwonyesha mtoto wa miaka 12 ule ukuta, halafu ukamwonyesha kilima kilicho karibu na miguu yake na kumwambia hiki kilikuwa kule juu, utaona macho yake yanavyopima umbali.

Mkirudi langoni mtakuwa na njaa. Kuna sehemu maalumu za kula ndani ya hifadhi. Kuleni huko na si kando ya njia yoyote. Pikeni nyumbani. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi za kukaanga, matunda, na mtori kwenye chupa ya chai kwa ajili ya mama, utamfaa kwa ubaridi wa asubuhi. Msipange kuchoma nyama. Harufu na moshi wa jiko si vya pale, na muda wenu ni mfupi. Pakieni kwenye kikapu na bakuli zenye mifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu tarehe 1 Juni 2019, na takataka zote mnarudi nazo Moshi, hadi ganda la yai. Chakula kisibaki wazi hata kidogo, kwa sababu nyani na tumbili wa pale wameshajifunza. Anayempa tumbili kipande cha chapati anamharibia maisha: kesho atampora mtoto wa mtu mwingine, na mwisho wake huwa mbaya kwa tumbili mwenyewe. Na lile spika la muziki ambalo mdogo wako wa Dar hatakosa kulibeba, lazimeni libaki nyumbani.

Bebeni maji mengi ya kunywa, kuliko mnavyodhani. Msinywe wala kuchota popote ndani ya hifadhi, hata pale maji yanapoonekana safi kama machozi. Miamba ya volkano ya Meru inatoa madini ya floraidi kwenye maji. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi ni miligramu 1.5 kwa lita. Kwenye maziwa ya Momella zimepimwa mamia ya miligramu. Ndiyo kemia ileile inayoyapa rangi ya kahawia meno ya watu wengi waliokulia Maji ya Chai na Ngare Nanyuki, na wapo watoto ambao mifupa ya miguu yao imepinda kwa sababu hiyo hiyo. Watoto wako lazima wamewahi kusikia wenzao wakitaniwa kwa meno. Waelezeni, wakiwa ufukweni mwa ziwa lenyewe, kwamba ni maji waliyokunywa utotoni na si uchafu. Hilo nalitaka sana lijulikane.

Baada ya chakula ndiyo zamu ya mama mkwe, na hapa gari linafanya kazi yake. Mzunguko wa maziwa ya Momella ni mteremko wa taratibu wenye vituo vingi, na yeye akae mbele, si nyuma. Maziwa ni saba. Yanalishwa zaidi na maji ya chini ya ardhi, na kwa kuwa kila moja lina chumvi na mwani wake, rangi zake hazifanani: hili la kijani kibichi, lile la buluu, jingine karibu na rangi ya maziwa ya mgando. Huo mwani ndio unaowaleta heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo. Naomba msiwaahidi watoto kwamba watawaona maelfu. Heroe hawana makazi ya kudumu hapo; wanahamahama kati ya maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa wakifuata mwani, na kwa Afrika Mashariki nzima heroe wadogo huzalia kwa kawaida Ziwa Natron peke yake. Siku moja ufuko wa Momella Kubwa unakuwa na ukanda wa waridi, siku nyingine wamebaki wachache tu. Hata wasipokuwepo, kuna bata, kuna korongo, kuna viboko upande wa Momella Ndogo, na kuro wakubwa wenye duara jeupe matakoni wamesimama majini hadi magotini. Aina za ndege waliorekodiwa hifadhini zinazidi 400. Kama kuna kitu kimoja cha kuazima kwa mtu kabla ya safari, azimeni darubini. Itampendeza mama kuliko wote, kwa sababu ataona bila kushuka.

Mtumbwi wa kupiga kasia Momella Ndogo upo, na watoto wakubwa wakisikia watautaka. Kwa siku hii ningeuacha. Una gharama yake, unapaswa kupangwa mapema, na utakula saa ambazo mnazihitaji kwa msitu.

Msitu wa Ngurdoto uwe wa mwisho, mchana mkiwa mnarudi kuelekea Ngongongare. Saa za joto ni kheri kuwa chini ya miti mikubwa. Endesheni polepole mno, madirisha wazi, na mtu mmoja awe na kazi moja tu ya kuangalia juu: mbega wanakaa kwenye vilele. Ni weusi, wana joho refu jeupe linaloning'inia ubavuni na mkia mweupe kama mshipi wa nyuzi. Wanaishi kwa majani, hawana kidole gumba, na wakiruka kutoka mti hadi mti hilo joho linafunguka. Miongoni mwa wanyama wote wa hifadhi hii, hawa ndio ninaowapenda zaidi, na ndio ambao watu hupita chini yao bila kuwaona kwa sababu macho yote yako barabarani kutafuta tembo. Tembo wapo wachache na hujificha. Mkiwaona ni bahati. Chui yupo pia, na ni yeye atakayewaona ninyi. Sikilizeni hondohondo wakivuma mbawa juu ya miti, na kima, wale wa kijivu cha buluu, wakivunja matawi.

Msitu unapandisha hadi ukingo wa kreta ya Ngurdoto, yenye upana wa kama kilomita tatu. Kreta hii hairuhusiwi kushukwa na wageni, na kwa hiyo chini yake ni ya wanyama peke yao: kinamasi, nyati kama nukta nyeusi, na ukimya. Hapo ndipo hifadhi ilipoanzia. Mwaka 1960 ilitangazwa kwa jina la Kreta ya Ngurdoto. Mwaka 1967, Mlima Meru ulipoongezwa, ikaitwa Arusha. Ukingo ni mahali pazuri pa kuangalia, ila njia ya kupanda ni ya mwinuko na udongo wake ukilowa unateleza. Uamuzi uwe huu: kama mvua haijanyesha tangu jana na mnaona ukingo uko wazi, pandeni. Kama kuna ukungu au njia imelowa, ishieni msituni, geuzeni. Ndani ya ukungu mtaona weupe mtupu, na Noah iliyojaa watu saba ikianza kurudi nyuma kwenye mteremko si jambo la kumfanyia mama mwenye miaka 68.

Kuhusu Noah kwa ujumla: kwenye ukavu inamudu njia kuu na mzunguko wa maziwa. Jaza upepo vizuri, tairi la akiba na jeki viwepo, tenki lijae kabla ya kuacha lami. Ila Desemba bado ni vuli. Ikinyesha mvua kubwa usiku wa kuamkia 27, msing'ang'anie. Mnaweza kukodi Land Cruiser Usa River au Arusha na kuacha gari lenu mahali salama, na kwa watu saba gharama ikigawanywa si ya kutisha. Ulizieni bei wiki moja kabla, maana Krismasi magari mengi yana wageni. Na viatu viwe raba zenye nyayo za kushika, si ndala wala viatu vya kanisani. Kila mtu na sweta, mama na kanga mbili, moja ya kukalia na moja ya kujifunika.

Saa kumi muwe mmeelekea langoni. Hifadhi inafungwa saa 12 jioni na hairuhusiwi kuendesha usiku ndani, lakini sababu yangu kubwa ni barabara ya Moshi: jioni za sikukuu madereva wengi wamekunywa, na nataka mfike Pasua kukiwa bado kuna mwanga.

Kijana wa miaka 15 akiona Meru ataanza kuuliza kuhusu kupanda. Mwambie inawezekana, lakini ni safari ya siku tatu hadi nne, analala Miriakamba halafu Saddle, anakwenda na askari mwenye silaha kwa sababu ya nyati walewale, na kilele kinazidi mita 4,500. Aanze mazoezi ya kupanda Materuni na Marangu kwa miguu, na akimaliza kidato cha nne mzungumze. Kwa watoto wa Kilimanjaro naona Meru ni mwanzo mzuri kuliko Kibo: inapandwa na watu wachache na ina msitu wenye wanyama.

Na kama asubuhi ya 27 mtaamka mvua inamwagika kuanzia Himo hadi Boma, ahirisheni bila majonzi. Mvua ikikatika kufikia saa nne, Ziwa Duluti pale Tengeru lina njia ya miguu inayozunguka ziwa lote ndani ya msitu, halina nyati, na hata mdogo wa miaka 5 atatembea sehemu ya njia huku mama amekaa kivulini ufukweni. Pesa ya kiingilio cha hifadhi ibaki kwenye simu hadi siku kavu ya mwanzo wa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, siku ya katikati ya wiki ambapo wageni wa Dar wamesharudi makazini na mtaipata Momella karibu ninyi peke yenu.